Robota Lile

Niliokoka nikiwa kidato cha nne, kwenye mkutano wa injili hapa Urambo. Nililia mbele ya watu wote, nikaamini nimekuwa mtu mpya.

Msimu uleule, tukifunga tumbaku, nilificha majani yaliyoungua katikati ya robota, mazuri nikayapanga juu. Sokoni mteuzi alizamisha mkono, akayachomoa. Robota likakataliwa. Baba alimgeukia kaka yangu kwa maneno makali. Kaka alinyamaza. Nami nikanyamaza, na Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda.

Kanisa letu ni la Moravian. Wamisionari wa London Missionary Society walianza kazi hapa mwaka 1879, enzi za Mtemi Mirambo. Wamoravian waliipokea mwaka 1898. Miaka 19 ya kupanda, kuugua na kuzikana. Mimi nilitaka kugeuka kwa usiku mmoja.

Ilinichukua miaka tisa. Tulikuwa kwenye bani, zamu yetu ya kuchochea moto.

“Kaka, robota lile nilifunga mimi.”

Alisukuma gogo ndani. “Najua. Nilikuona.”

“Mbona hukusema?”

“Nilikuwa nangoja useme wewe, mdogo wangu.”

Nikiulizwa niliokoka lini, bado nautaja mkutano ule, wala sisemi uongo. Ila ni kwenye bani nilipoanza kumwogopa Mungu kuliko watu.

Kulipokucha nilikwenda kwa Baba. Kaka alinisindikiza hadi mlangoni, akabaki nje.