Matembezi ya Miguu Busisi

Kwa miaka mingi msafiri atokaye Mwanza kwenda Sengerema na Geita hakuwa na budi kungoja. Alifika Kigongo, akashuka garini, akakaa ufukweni mpaka kivuko kije kumchukua kumpeleka Busisi. Kungoja kule kulichosha watu, na kwa mgonjwa kulikuwa ni hatari. Lakini hapo ndipo marehemu baba yangu aliponifundisha majina ya ndege wa ziwani: huyu mnandi, apigaye mbizi, yule mdiria, atuaye angani kana kwamba ametundikwa kwa uzi, kisha akajitupa majini.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, toka Kigongo hadi Busisi. Sasa gari huvuka kwa dakika chache tu. Hii ni neema kubwa, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwayo. Walakini safari yangu ya kwanza juu ya daraja hilo ilinipa fundisho. Mwanangu wa miaka 12 alikuwa ameinamia simu. Tulipokwisha fika Busisi aliinua kichwa akaniuliza, "Baba, ziwa liko wapi?"

"Tumekwisha lipita, mwanangu," nikamjibu.

Jibu lile lilinichoma. Mtoto amezaliwa kando ya ziwa lililo kubwa kupita yote katika Afrika, naye amelivuka bila kuliona! Wala kosa halikuwa lake peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitazama saa.

Basi likizo ilipofika, mimi na mama yake tuliwachukua watoto mapema baada ya sala ya alfajiri, tukashuka Kigongo, tukavuka kwa njia ya waendao kwa miguu iliyo kando ya daraja. Tulitumia muda wa saa moja hivi, maana kila hatua kumi palikuwa na swali. Chini yetu mitumbwi ilikuwa ikirudi na samaki. Upepo ulikuwa baridi, na jua lilikuwa likipanda nyuma yetu.

Tulipofika Busisi tuliifuata njia ndogo ya ufukweni. Majabali ya huku ni ya ajabu: jiwe juu ya jiwe, utadhani mtu ameyapanga. Kwa hakika ni mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2; mvua na upepo viliondoa udongo uliokuwa umeyafunika, yakabaki yamesimama hivyo. Juu yake wanaota jua mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu, na pimbi huchungulia katika nyufa. Mzee mmoja mvuvi alitusalimu, "Mwangaluka!" kisha akawaambia watoto, "Wajukuu zangu, tazameni, lakini msiingie majini." Alisema kweli, kwani penye majani na konokono kando ya ziwa mna kichocho. Hata udhu wa adhuhuri tuliutia kwa maji ya birika tuliyoyachukua nyumbani, tukasali juu ya jabali tambarare.

Nikawasimulia kuwa mwaka 1858 Mwingereza Speke alilifikia ziwa hili upande wa Mwanza kwa miguu toka Tabora, na kwamba habari zake alizipata huko kwa wafanyabiashara Waarabu, akiwamo Sheikh Snay bin Amir. Waliolijua ziwa hili zamani walilijua kwa nyayo zao.

Wako wasemao kuwa matembezi ni kazi ya watalii. Na wawatazame ndugu zetu Waswahili walioko Maskati, Omani. Mji ule umebanwa na milima mikavu, na joto la kiangazi huwafungia watu majumbani. Hata hivyo miezi ya baridi ikija, watu hupanda njia ya kale ya miguu itokayo Riyam hadi Matrah, wakifuata alama za rangi zilizopakwa juu ya mawe, na jioni jamaa hukusanyika katika bustani ya Qurum. Wao wamepewa jangwa, nao wanalitembea. Sisi tumepewa maji na kijani, nasi tunavipita mbio!

Aliye mjini Mwanza hana haja ya kwenda mbali. Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, ni safari fupi ya mashua, na humo watu hutembea kwa miguu kati ya majabali, wakiona swala pala na tumbili.

Kitabu chetu kitukufu kinatuhimiza tutembee katika ardhi na kutazama. Basi, enyi wazazi, tengeni walau siku moja kwa mwezi. Chukueni maji, chakula kidogo na mkeka. Simu zikae mfukoni. Msiache taka nyuma yenu, kwani kuondoa chenye kudhuru njiani ni sadaka.

Jioni tuliporudi, mwanangu alisimama katikati ya daraja, akaonyesha kidole majini. "Baba, yule mnandi!" Nami nikamkumbuka baba yangu, nikamwombea rehema.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona na nyoyo zenye kushukuru. Amin.