Eneo la Kisiki na Haki ya Kusikika
Kila ninapofundisha OSPF, itifaki inayoziwezesha ruta kuchagua njia ya kupitishia data, swali moja hurudi: kwa nini ruta nyingine zinyimwe habari ambazo wenzake wanapewa?

Jibu la kihandisi ni wazi. Kila ruta huchora ramani kamili ya eneo lake. Mtandao ukikua, ramani hulemea kumbukumbu, na kila kiungo kinapokatika hesabu hurudiwa upya. Kwa hiyo mtandao hugawanywa katika maeneo, yote yakiungana na eneo namba 0, yaani uti wa mgongo. Eneo la kawaida hupokea hata habari za njia zilizo nje ya mtandao. Eneo la kisiki hazilifikii. Hupewa agizo moja tu: usichokijua, kipeleke kwa ruta ya mpakani. Eneo la kisiki kamili halielezwi hata habari za maeneo jirani.

Aliyewahi kutumikia ofisi ya wilaya ataitambua hali hiyo: kila faili gumu hupelekwa makao makuu. Binafsi sikilaumu kisiki. Penye mlango mmoja wa kutokea, ramani ya dunia ni mzigo. Dhuluma huanza pale eneo linapokuwa na mlango wake wa pili, lakini likakosa namna ya kuutangaza.

Wahandisi waliliona hilo. Mwaka 1994 waliidhinisha aina nyingine ya eneo: habari za nje haziingii kutoka juu, ila eneo lenyewe huutangaza mlango wake, na ruta ya mpakani hulitafsiri tangazo hilo na kulieneza kwa wengine. Tena, ruta hazifanyi ujirani mpaka zikubaliane, katika salamu zao, kuwa eneo lao ni la kisiki.

Tanzania ilipovunja halmashauri za wilaya mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani, maofisa walishushwa mikoani, lakini sauti iliyochaguliwa na wananchi iliondolewa. Ilihitaji sheria za mwaka 1982 kuirejesha. Leo tunapojadili upya ugatuzi, tusiulize tu wilaya itaelezwa mambo mangapi. Tuulize kama iliridhia mipaka hiyo, na kama inachokijua yenyewe kitafika kwenye uti wa mgongo na kusikilizwa.