UKITAKA 'SPOTI' YA MTUMBA, PITIA GEREZANI KWANZA

Kuna magonjwa mawili ambayo kijana wa mjini akiyapata hayaponi kwa vidonge: mapenzi na gari la spoti. La kwanza tumelichambua hapa mpaka wengine mkaninunia. Leo tulishughulikie la pili, kwani limemwangukia binamu yangu, baharia wa miaka minne kwenye meli za mizigo, aliyerudi Dar na mkwanja wake mfukoni.

Mkwanja huo ulikuwa na mwenyewe kabla haujafika. Mkewe ameshapimiwa kiwanja Chanika, amelipa nusu, na mwenye shamba anasubiri iliyobaki. Sasa binamu kapita Barabara ya Bagamoyo, kaona Altezza nyekundu imeinama mbele kama duma anayenyatia swala, usingizi ukakata. Shemeji akanipigia simu: "Shemeji, nenda naye. Akinunua kopo, sisi tutapanga Mbagala mpaka tuzeeke." Baada ya kikao kirefu wakakubaliana: hela ya kiwanja haiguswi, inayobaki ndiyo ya gari, na gari lisinunuliwe mpaka fundi aseme ndiyo.

Jumamosi asubuhi tukaanza Victoria, tukaelekea Mwenge. Ukanda huu, msomaji, ukiutembea kwa miguu ni kama maonyesho. Yadi kwa yadi, magari yameoshwa yakang'aa, tairi zimepakwa dawa zinameremeta kama viatu vya bwana harusi, boneti ziko wazi. Muuza kahawa anapita na birika lake, madalali wamekaa kwenye ngazi wakipima watu kwa macho. Ukivaa saa nzuri wewe ni 'bosi', ukivaa ndala wewe ni 'kaka'. Mimi niliitwa kaka.

Neno la kwanza utakaloambiwa pale ni namba. "Bosi, hii namba E, mpya kabisa!" Hapo watu wengi wanaumia. Herufi kwenye namba inakuonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilitoka kiwandani mwaka gani. Altezza ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1998 ikakoma mwaka 2005. Kwa hiyo hata ikiwa na namba ya jana, iliyo changa kuliko zote imeshapita umri wa kupata kitambulisho cha kupigia kura.

Na kwa nini Mjapani anaacha gari bado linadunda? Kule gari jipya la binafsi linakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi ule una gharama. Wengi wanaona heri wauze. Linapelekwa mnadani, na pale linaandikiwa karatasi yenye mchoro wa bodi na alama. A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Juu kuna daraja: 4 ni gari zuri, 3.5 linavumilika, R ni lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo ina kilometa pia. Iombe. Binamu alipoiomba, dalali akacheka akasema karatasi zimebaki bandarini. Sawa, labda zinapunga upepo.

Ugonjwa huu wa spoti kwetu haukuja na sinema. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na miaka ile magari yalikuwa yanakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, wazee wetu wakisimama kando ya barabara kula vumbi kwa furaha. Mwaka 1993 Toyota Celica zilishika nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen akiongoza. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda na Subaru. Ndiyo maana hata leo ukisema Subaru kijiweni mtu anageuka kabla hujamaliza.

Turudi kwenye Altezza nyekundu. Nyuma ilikuwa na nembo ya RS200. Msomaji, nembo inauzwa dukani kama pipi. Altezza ziko za aina mbili kubwa: AS200 yenye injini ya silinda 6, laini na ya kistaarabu, na RS200 yenye silinda 4, ile ya gia za mkono ikitoa nguvu farasi 210. Hii ya pili ndiyo wanayoililia vijana na bei yake iko juu. Kuzitofautisha huhitaji kuwa fundi. Fungua boneti, tafuta kibati cha kiwanda. Kikianza na SXE10, hiyo ni RS. Kikianza na GXE10, ni AS, hata ikibandikwa nembo tatu. Yetu ilikuwa GXE10. Dalali akasema kibati kilibadilishwa na wachawi wa mnadani. Kwa kweli alisema hivyo.

Kwenye Celica za mwisho, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1999 hadi 2006, mchezo ni uleule. ZZT230 ina injini ya kawaida, ZZT231 ndiyo yenye moto. Na zile 230 za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kunywa oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kabla hujapenda rangi.

Hapo tukaamua kumfuata fundi wetu Gerezani. Kama hupajui, ni pale jirani na Kariakoo, ambako nyundo haziishi kulia na harufu ya oili chafu inakupokea kabla ya mtu yeyote. Utakuta mlango wa gari umening'inia ukutani, injini nzima imekaa kwenye tairi, mtoto wa miaka ishirini anakutajia jina la bushi kwa kuishika tu. Mzee wetu ana benchi chini ya mti, redio ndogo, na mikono ambayo sabuni imeshakata tamaa nayo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kununua au mmeshanunua?"

Tukamwambia bado. Akafurahi, akasema wengi huja wakiwa wameshanunua, wakiwa juu ya kamba ya kuvutwa.

Darasa lake lilikuwa fupi. Kwanza, mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa ya moto, jua kuna jambo limefichwa, kwa sababu injini mbovu inajisema ikiwa baridi. Likiwaka, tazama moshi. Wa bluu maana yake linaunguza oili: ringi zimechoka au turbo imekwisha. Mweusi ni petroli inayozidi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, na maji yakawa yanapungua, hapo gasketi inavuja na usiendelee kujadili bei. Fungua kifuniko cha oili: ukiona uji kama wa maziwa, maji na oili vimeoana.

Kuhusu Subaru zenye turbo alikunja uso. Injini ile silinda zake zimelala pande mbili, haiko wima kama tulivyozoea, kwa hiyo kazi ndogo inakuwa kubwa. Mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila baada ya kilometa laki moja hivi. Ukikatika ukiwa barabarani, vavu zinagongana na pistoni na mfuko wako unagongana na ukuta. Asiyeweza kukuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa, ukate hela hiyo kwenye bei. Halafu turbo za Kijapani zilitengenezewa petroli ya oktani ya juu. Ukizinywesha ya chini halafu ukakanyaga, injini inagonga ndani kama mtu anayetaka kutoka. Na ukitoka kwenye mbio, iache ingurume dakika moja mbili kabla ya kuzima, turbo ipoe.

Bodi nayo ina siri. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa usichubue rangi, ipitishe. Isiposhika, chini kuna pati, bati liko mbali. Angalia kama boliti za boneti zimekwaruzwa na spana, na kama uwazi wa mlango wa kushoto unalingana na wa kulia.

Mzee akatupa kijana wake, tukarudi na kupata Altezza ya pili, ya kijivu, SXE10 kweli, kibati hakidanganyi. Binamu akaanza kutabasamu kama aliyeposa. Kijana wa fundi akasema, twende Pugu.

Hapa mjini gari lolote ni zuri, kwa sababu foleni haikuruhusu kuligundua. Ukishika Barabara ya Nyerere, ile ya Pugu ya zamani, ukapita uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto, joto la injini linapanda taratibu. Kisha vilima vya Pugu vinaanza, miti inakusogelea, hewa inabadilika, na barabara inapanda kwenda Kisarawe. Ni safari nzuri hata kama hununui kitu, mahindi ya kuchoma yapo njiani. Lakini macho yetu yalikuwa kwenye mshale wa joto. Nusu ya mlima ukaanza kupanda na gari. Tulipofika juu ulikuwa karibu na nyekundu, na kopo la maji la pembeni lilikuwa linatoa mapovu. Muuzaji, aliyekaa nyuma na mimi, akasema ni jua. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Binamu hakusema neno mpaka Tazara.

Aliyoinunua wiki mbili baadaye ni AS200, nyeusi, iliyouzwa na mtu binafsi Tabata kwa jina lake halisi la AS200, bila nembo ya kuazima. Ilipanda Pugu mara mbili mshale ukiwa katikati. Kabla hela haijatoka walikwenda TRA kuhakikisha kadi ni halisi na jina ni la muuzaji, kwamba hakuna mkopo wa benki juu yake, wakaangalia na faini za trafiki, maana deni hufuata namba ya gari. Zilikuwepo mbili za mwendo kasi. Muuzaji akazilipa palepale, kisha wakaandikishana kwa wakili na hela ikapita benki.

Shemeji amekubali kupanda kiti cha mbele, kwa sharti kwamba safari ya kwanza iwe Chanika, na buti libebe saruji mifuko miwili.