Lifti isiyosimama na swali la mtoto

LIFTI ya kawaida humsubiri abiria: unabonyeza kitufe, mlango unafunguka, unaingia. Paternoster haimsubiri mtu. Ni msururu wa vyumba vidogo visivyo na milango, kila kimoja cha mtu mmoja au wawili, vinavyopanda upande mmoja na kushuka upande wa pili bila kusimama. Mwendo wake ni kama sentimita 30 kwa sekunde. Anayetaka kupanda husubiri sakafu ya chumba ikaribie kulingana na ya ghorofa, kisha hupiga hatua moja.

Mbunifu majengo Peter Ellis aliifunga katika jengo la Oriel Chambers, Liverpool, mwaka 1868. Jina lake ni mwanzo wa sala ya Baba Yetu kwa Kilatini, kwa kuwa vyumba hufuatana kama shanga za rozari. Zimebaki chache, hasa Ujerumani na Jamhuri ya Czech. Uingereza, ile ya Chuo Kikuu cha Sheffield ina vyumba 38.

Mtoto akiiona, swali huwa moja: ukipitiliza ghorofa ya juu, unapinduliwa kichwa chini? Wapo wakubwa wanaojibu “ndiyo” ili aogope asiisogelee. Jibu la kweli ni hapana. Kila chumba kimening’inizwa kwenye minyororo miwili, kwa pembe mbili zinazokabiliana kimshazari. Kikifika juu kabisa, huvushwa upande wa pili kikiwa wima vilevile, kisha huanza kushuka.

Hatari iko kwenye ile hatua ya kuingia na kutoka. Anayesitasita, mguu mmoja ndani na mwingine nje, ndiye anayeweza kuumia. Kwa sababu ya usalama, Ujerumani Magharibi ilizuia kujengwa mpya mwaka 1974. Mwaka 2015 Ujerumani ikataka zitumiwe na wafanyakazi waliofunzwa tu, kisha ikalegeza baada ya wananchi kulalamika.

Njia ya mwongo ni fupi. Mtoto aliyetishiwa kupinduliwa atagundua siku moja kwamba juu hakuna cha kuogopa, na siku hiyo atapuuza hata onyo la kweli. Mzazi, mweleze jinsi inavyofanya kazi, kisha mwonyeshe hatari ilipo. Aliye mdogo apande ngazi. Akishakua, ajifunze kutazama, kuamua na kuingia bila kusita.