Filimbi ya Mlinzi

Ndugu msomaji, ukiniuliza mimi ni nani nitakujibu bila aibu: mwandishi wa riwaya. Ukiniuliza nakula nini, hapo nitashusha sauti. Nilimaliza kidato cha nne, na sasa nachapa barua na kadi za harusi za watu katika steshenari moja hapa Dar es Salaam. Riwaya yangu, sura kumi na moja, imo ndani ya kompyuta ya tajiri.

Fundi alituwekea kazi ya kunakili mafaili kila siku saa nane usiku, yaende kwenye diski ya pembeni. Akaniambia, "Bwana mdogo, sasa lala usingizi." Tajiri akalala. Mimi nina ugonjwa wa waandishi, siamini mpaka nione. Siku moja nikafungua orodha ya kazi za ratiba katika Windows. Humo kila kazi huonyesha mara ya mwisho ilipofanyika, na matokeo yake. Matokeo yakiwa 0x0, mambo shwari. Yetu ilionyesha 0x41303, maana yake haijawahi kufanyika hata mara moja. Miezi mitano!

Kumbe tajiri akifunga duka saa mbili usiku huzima swichi kubwa, Luku isiishe. Saa nane ikifika, mashine ni maiti. Na Windows, usipoiagiza kufidia kazi iliyopitwa na wakati, haifidii. Inangoja saa nane ya kesho. Mchana kutwa kijitaa cha diski kinawaka, nasi tunajiona tuna mlinzi.

Msitucheke, wakubwa nao yamewafika. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Amri moja ya kufuta ikapita, kazi ikaanza kutoweka. Wakakimbilia nakala, wakakuta zilikuwa mbovu kwa muda upatao mwezi mzima. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mama aliyekuwa amejifungua na kufanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ilikuwa na nakala.

Januari 31, 2017, ikawa zamu ya GitLab. Mhandisi alifuta kwa bahati mbaya kanzidata ya takriban GB 300. Njia za kujikinga zilikuwa tano, wala hapakuwa na hata moja ya kutegemewa. Programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2, kanzidata toleo la 9.6, kwa hiyo kila siku kazi ilishindwa. Barua pepe za kutoa taarifa nazo zikakataliwa njiani. Kilichowasaidia ni nakala ya saa sita kabla, aliyoichukua mtu kwa mkono wake.

Mtaani kwetu mlinzi hupiga filimbi usiku. Tukiisikia tunageuka upande wa pili na kulala. Isiposikika ndipo watu hutoka nje na tochi. Kazi ya ratiba nayo tuilinde hivyo hivyo. Tusingoje kushindwa kupige kelele, maana kilichokufa hakina sauti. Kufanikiwa ndiko kupige filimbi kila siku.

Basi tumeihamishia kazi ile saa saba mchana, tajiri akiwa anakula. Ikiisha, naandika daftarini tarehe na ukubwa wa nakala. Siku isiyo na mstari ni siku ya kuuliza. Kila Jumamosi nachukua faili moja kutoka kwenye diski, nalifungua, nalisoma, kwa sababu nakala usiyoifungua ni mbuzi kwenye gunia. Tajiri hucheka, "Kijana, wewe na mashaka yako!" Acha acheke.

Wenzangu, riwaya zetu hazijasomwa na mtu. Zikifutika leo, hapana atakayejua kwamba ziliwahi kuwepo. Kwa hiyo jioni hii, kabla hujaanza sura mpya, fungua nakala ya ile ya zamani. Isome mpaka mwisho.