Homa Isiyokuwa Malaria

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hapa Posta, na jioni tukatembelea wagonjwa pamoja na akina mama wa usharika, tunazijua homa za Januari. Watu wamerudi kutoka Moshi, Karatu, Babati na Simanjiro walikokwenda kula Krismasi na wazazi, na basi limewashusha na dumu la maziwa mgando. Baada ya wiki tatu hivi, mama mwenye duka Kariakoo anaanza kusikia baridi kila jioni. Anasema ni malaria. Anameza dawa, homa inatulia, kisha inarudi.

Malaria ipo, wala hatusemi mtu asipime. Lakini yafaa tujue jambo lililoonekana Moshi mwaka 2007 na 2008. Watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo. Wagonjwa 528 walidhaniwa kuwa na malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Wengi wengine walikuwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama, na 16 kati yao walikuwa na bruselosisi. Wafugaji huuita ugonjwa wa kutupa mimba, maana ndivyo unavyowafanyia ng'ombe, mbuzi na kondoo. Si ugonjwa mpya. Daktari David Bruce alikiona kijidudu chake kisiwani Malta mwaka 1887, na mwaka 1905 Zammit akagundua kwamba askari walikuwa wanakinywa katika maziwa ya mbuzi.

Kwa binadamu homa yake hupanda na kushuka, pengine kwa wiki nyingi. Usiku mtu hutoka jasho hadi shuka inalowa. Viungo na mgongo huuma, chakula hakipiti, na mwili huchoka kana kwamba umebeba magunia. Wanaume wengine huvimba korodani, nao hawasemi mpaka wake zao wawasukume.

Mama mmoja tuliyekuwa tukimtembelea, muuza vitenge, alikonda na kutoka jasho hivyo hivyo kwa miezi miwili, akiwa mjamzito. Majirani walianza kunong'ona, nasi akina mama twajua minong'ono hiyo huwa ya ugonjwa gani. Mume wake akaacha kula mezani pamoja naye. Alikuwa amepimwa malaria, amepimwa kifua kikuu, amepimwa na huo mwingine, vyote hakuna. Mwezi wa tano mimba ikatoka. Ni baada ya hapo muuguzi mwenzetu alipomwuliza alikuwa wapi sikukuu. Alikuwa kwa mama mkwe, Manyara. Kondoo alishikwa na uchungu usiku, na yeye ndiye aliyemvuta mwana-kondoo kwa mikono mitupu. Alitoka amekufa. Nani angemngoja bwana mifugo saa nane za usiku? Damu ilipopelekwa kupimwa ugonjwa huo, ukaonekana. Mama mkwe naye, aliyekuwa akilalamikia mgongo tangu mwaka uliotangulia, alipimwa akakutwa nao.

Ukiuliza ugonjwa huu umeenea kiasi gani vijijini, jibu hufuata namna watu wanavyofuga. Jamii za wafugaji wanaohama na makundi makubwa, ambapo ng'ombe, mbuzi na kondoo huchanganyika malishoni na kwenye maji, huwa nao zaidi kuliko mwenye ng'ombe mmoja wa ndani. Hatari huongezeka mnyama anapozaa au kutupa mimba, maana kondo la nyuma na maji yake hujaa vijidudu. Huongezeka pia kwa anayechinja, kwa anayekunywa maziwa au damu mbichi, na kwa familia inayolala chumba kimoja na wana-mbuzi. Kazi hizi, tukisema kweli, nyingi ni za wanawake na watoto. Na mnyama aliyetupa mimba mara nyingi hupelekwa mnadani upesi, akaenda kuambukiza zizi la mwingine.

Tena vijijini watu huchelewa. Katika utafiti uliofanyika Arusha na Manyara mwaka 2002 na 2003, mgonjwa mmoja kati ya watano alikaa zaidi ya mwaka mzima ndipo ugonjwa ukatambuliwa hospitalini. Waliokaa mbali na hospitali walichelewa zaidi.

Dawa zipo. Kwa kawaida ni za aina mbili pamoja, kwa muda wa wiki sita. Wengi huziacha wiki ya pili kwa kuwa homa imekwisha, na ugonjwa hurudi. Mjamzito amwambie daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hazimfai. Na mume asimtilie mkewe shaka, wala mke mumewe. Kupeana ugonjwa huu mtu na mtu ni nadra sana.

Mama mkwe akizaliwa na mwana-mbuzi zizini, mpelekeeni glavu, au hata mifuko ya nailoni ya kuvaa mikononi, na kondo la nyuma lizikwe chini sana, mbwa wasilifukue. Ugumu uko kwenye maziwa. Bibi atasema yaliyochemshwa hayana ladha, na ya kibuyu kilichofukizwa ndiyo maziwa. Moshi huo unanukia vizuri, hatukatai, lakini hauui vijidudu hivi, wala ugando hauaminiki kuviua. Tulichoona kikikubalika ni hiki: maziwa yachemke kwanza, yaachwe yapoe yawe vuguvugu, kisha yatiwe kijiko cha mtindi yagande ndani ya kibuyu kile kile cha bibi, kikiwa kimesafishwa kwa maji yanayochemka. Mtindi huo wa kuanzia nao uwe umetoka kwenye maziwa yaliyochemshwa.