Gazi, Kabla Mikoko Haijarudi

Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikuwa kuni za viwanda. Magogo yalikatwa na kupelekwa kuchomwa kwenye matanuri ya chokaa na matofali, na bibi mmoja wa kijiji hicho, kilomita kama 50 kusini mwa Mombasa, angali anaukumbuka mlio wa mashoka tangu alfajiri hadi maji yajae. Hakuna mwanakijiji aliyeombwa ruhusa. Tangu 1932 mikoko ya pwani ya Kenya ilikuwa imetangazwa kuwa msitu wa serikali.

Mahali palipofyekwa pote kwa mpigo hapakuota kitu tena. Ulibaki mchanga mweupe unaochoma nyayo, na wanawake waliozoea kutanda uduvi kwa kanga wakawa wanarudi na ndoo nyepesi.

Wenyeji nao walikuwa wakikata, na bibi huyo halifichi hilo. Nyumba ya udongo haisimami bila miti: nguzo, boriti, mazio, pau na fito, kila unene na kazi yake, na yote hiyo ilitoka mkokoni. Kijiji kilipokua, ndoa zikaongezeka, vyumba vikaongezeka, na shoka likaingia ndani zaidi. Kumwambia kijana anayetaka kuoa asikate mti, bila kumwonyesha atajengea nini, ni kumwonea.

Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kupanda upya. Wapo waliowashangaa: nani hupanda msitu baharini? Lakini mkoko hurahisisha kazi. Mbegu yake huchipua ingali juu ya mti, ikarefuka kama kalamu nene. Mtu huiokota ilipoangukia na kuichomeka matopeni maji yakiwa yamekupwa. Bibi aliinama na kupanda pamoja na wenzake. Upande wa ndani miche ilishika. Upande unaopigwa na mawimbi, mingi ilifukiwa na mchanga, ikabidi warudie.

Kupanda, hata hivyo, hakukutosha. Mageuzi yenyewe yalikuja 2013, ulipoanza mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unaotajwa kuwa wa kwanza duniani kuuza kaboni ya mikoko. Hesabu yake si ngumu: hekta 117 zinalindwa kwa mkataba wa miaka 20, tani zipatazo 3,000 za hewa ya ukaa huhesabiwa kila mwaka, na wanunuzi wa ng'ambo huzilipia. Ili watu wapate miti ya kujengea na kuni, ikapandwa mivinje nchi kavu. Hapo ndipo yule kijana anayetaka kuoa alipopata jibu.

Fedha zilipoingia, wanakijiji walikaa mkutanoni kuamua zifanye nini. Waliyataka maji. Kwa mwanamke aliyekulia kuchota kwenye visima vyenye ladha ya chumvi, bomba karibu na nyumba lilikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote ya mazingira. Vitabu vya shule vilifuata. Tangu hapo, aonekanaye na panga msituni haulizwi na askari peke yake. Huulizwa na jirani anayejua bomba lake linalipiwa na nini. Huo ndio ulinzi ambao amri za miaka mingi hazikuweza kuuleta.

Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na kufikia 2019 watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, walikuwa wameanzisha mradi wao wenyewe, wa hekta 460.

Bibi anafurahi, ila ana hoja ambayo mikutano ya kijiji pekee haiwezi kuimaliza. Mikoko ya Gazi hutegemea pia maji baridi ya mito Mkurumudzi na Kidogoweni. Huko juu, Mkurumudzi umewekewa bwawa, na mashamba ya miwa yamekuja kuyahitaji maji yaleyale, kama yalivyoyahitaji machimbo ya madini hadi 2024. Kamati ya msitu huamua juu ya mti, haiamui juu ya mto. Anataka watu wa juu na wa chini wakae mkeka mmoja kabla ya kibali kingine cha maji kutolewa, na wanawake wachota maji wawe miongoni mwa watakaosema.